Rosa Kiden na Sura ya Night

Kabla watu wa Arua hawajamjua kama mchoraji, walimjua Rosa Kiden kama mama wa kadi. Kila Jumapili baada ya misa ya pili alikaa kando ya barabara ya kuingia kanisa kuu la Ediofe, jirani na wauza rozari na wauza maandazi. Alifunga uzi kati ya nguzo mbili na kuning'iniza kadi zake kwa vibanio vya nguo. Zilikuwa kadi za ubatizo, za komunyo ya kwanza na za Pasaka, zote zimechorwa kwa mkono kwa rangi za maji: njiwa, kikombe, mtoto aliyevaa nguo nyeupe. Watu walizipenda kwa sababu jina la mtoto liliandikwa papo hapo. Mama alisimama akingoja, na wino ulipokauka aliondoka na kadi ameishika kwa mikono miwili.

Ufundi huo Rosa aliupata kwa sista mmoja mzee aliyefundisha wasichana ushonaji. Rosa alikuwa ametoka kwao Dranya, upande wa Koboko, na alipomaliza kidato cha nne hakukuwa na njia ya kuendelea, basi sista akamchukua kufagia chumba cha cherehani. Jioni sista alichora maua ya uani. Rosa alisimama nyuma yake na ufagio mkononi, na siku moja sista akamwambia aache ufagio akae. Sista alipoitwa kurudi kwao alimwachia kisanduku cha bati chenye vidonge vya rangi na brashi zake zote. Alimwachia pia onyo moja: karatasi ikiwa na unyevu usiifute, maana tone la maji huacha doa tu, lakini mkono huondoa kila kitu.

Rosa alijifunza mengine mwenyewe. Maji ya kisima yaliacha kutu kwenye rangi nyeupe, kwa hiyo alikinga ya mvua kwenye pipa na kuyafunika kwa kitambaa. Wakati wa kiangazi, vumbi linapotoka kaskazini na jua kukausha kila kitu kabla hujageuka, alichora alfajiri tu, umande ukiwa bado kwenye mabati.

Aliolewa Awindiri na Candia, fundi wa kujenga, mtu wa maneno machache. Walipata mtoto mmoja wa kike. Alizaliwa usiku wa mvua, Candia akamwita Night, kama wengi wanavyofanya huku kwetu, na Rosa akaongeza Poni, jina la mama yake mzazi. Ndiyo maana kila walipokwenda Dranya bibi alimpokea mtoto kwa kumsalimu wajina wake, nao wawili wakakaa jikoni wakibishana kama watu wa rika moja.

Picha ya kwanza kubwa aliiuza kwa Medina. Huyu alikuwa na duka la vitenge mjini, mwanamke wa Kinubi ambaye babu yake alikuja Arua akiwa askari. Rosa alikuwa amelichora duka lile kutoka ng'ambo ya barabara, na rangi zake zilikuwa zimelowana vizuri, nyekundu ikiingia kwenye manjano kama vitenge vyenyewe vinavyoegemeana. Alipita nayo dukani kwa woga, Night akiwa mgongoni.

"Hii iko duka yangu?" Medina aliuliza.

"Ndiyo, Hajati."

"Na mimi niko wapi?"

"Wewe ni huyu hapa, nyuma ya vitenge."

"Huyu kijiti?" Medina aliwageukia wateja. "Jameni, angalieni. Miaka yote mimi nakula nanenepa, mama huyu amenimaliza kwa siku moja."

Wateja walicheka. Medina aliishika picha karibu na macho, akaigeuza, akaangalia mgongo wake. "Hii iko karatasi na maji. Maji Mungu analeta bure."

"Basi Hajati usubiri mvua, itakuja ikuchoree," Rosa alijibu.

Medina alimtazama sana, kisha akacheka mpaka akakaa. Aliinunua, akaitundika mahali ambapo kila anayelipa lazima aione. Ndiye pia aliyempeleka Rosa kwa mdogo wake Asuman, aliyekuwa na kibanda cha fremu na vioo karibu na soko. Asuman aliiangalia kazi ya Rosa akatikisa kichwa. "Dada, hii kitu yako mtu akipiga chafya moja tu imekwisha. Tia kioo."

Tangu hapo kila picha aliyotaka kuuza Rosa aliitia kioo kwa Asuman. Baadaye hoteli moja ya mjini ikachukua picha za kuweka mapokezi na chumba cha kulia: tumbaku inayokauka, wanawake wakipepeta ufuta, milima ya upande wa Congo baada ya mvua. Siku ya kuzitundika Rosa alikwenda kuona. Alisimama mlangoni na ndala zake, hakuthubutu kuingia ndani, mpaka mhudumu mmoja akamkalisha Night kwenye kiti kirefu na kumpa soda. Mtoto alinyoosha kidole ukutani akasema kwa sauti, "Ile ya mama." Watu waliokuwa wanakula waligeuka. Rosa alitamani ardhi immeze, lakini jioni ile alimsimulia Candia mara mbili.

Night alifariki wakati wa Kwaresima, kabla hajaanza shule. Homa ilianza siku ya soko, ikampanda kichwani, na damu waliyokuwa wakiitafuta hospitali ilipopatikana alikuwa hana tena haja nayo. Walimzika Awindiri, nyumbani kwa akina Candia, kwa kuwa huko ndiko kwa baba yake. Baada ya matanga, ndugu walipoanza kuondoka, bibi kutoka Dranya aliomba apewe picha ya wajina wake aende nayo.

Hapo ndipo walipogundua kwamba haipo. Simu ya Rosa ilikuwa ile ya tochi. Ya Candia ilikuwa na kamera, lakini ilishaanguka kwenye zege mwaka uliotangulia. Rosa alikuwa amepanga kumpeleka Night studio siku ya Pasaka, na gauni jipya lilikuwa tayari limeshonwa. Ndilo alilozikwa nalo.

Mwanamke aliyechora watoto wa watu wengine kwenye kadi, Jumapili kwa Jumapili, hakuwahi kumchora wake. Alimwona kila siku. Nani huchora anachokiona kila siku? Basi alikaa chini na kumchora. Ilikuwa bado wiki ya kwanza, wakati ukifumba macho mtu yupo mbele yako kamili. Alichora alfajiri, bila kulia, kwa kuwa chozi lingeanguka kwenye karatasi. Ilipokauka alimwita Candia. Candia aliitazama akasema, "Ndiye," akatoka nje, na hakurudi mpaka chakula kikapoa.

Picha ile Rosa hakuipeleka kwa Asuman. Alisema hawezi kumfungia mtoto nyuma ya kioo. Aliifunga ndani ya kitenge na kuiweka kwenye sanduku, na kila alipotaka kumkumbuka Night alifungua sanduku. Miaka ikaenda hivyo. Alirudi kuuza kadi, akauza na picha kubwa, watu wa mashirika waliokuwa wakipita Arua wakaanza kumtafuta kwa jina. Hakuzaa tena. Akiulizwa ana watoto wangapi alijibu mmoja, na wengi hawakuendelea kuuliza.

Kaka yake Fabiano alikuwa katekista Dranya. Ni yeye aliyepata wazo la maonyesho. Alikuja Awindiri na mfuko wa karanga, akakaa, akasali kwanza kama kawaida yake, kisha akasema, "Kiden, watu wa nyumbani wanasikia tu kwamba unachora. Wazungu wameona, hoteli imeona. Mama yako aliyekuzaa hajaona."

"Nani Dranya atanunua picha, Kaka? Watu wanatafuta mbegu."

"Wasinunue. Waone. Kigango chetu sasa kina mabati, tutafunga kamba ndani. Tutafanya Jumapili ya kumwombea Night, tumalize ibada, watu waangalie kazi ya mikono yako." Alimenya karanga moja. "Na Mama anauliza kila mara. Anasema amesikia ipo picha ya wajina wake, na yeye miguu imekwisha, hawezi tena kuja huku."

Rosa alitaka kukataa. Lakini alimfikiria mama yake jikoni peke yake, akiwa na kile kigoda cha pili ambacho hakuna aliyekikalia. Akakubali. Siku ya safari alipanga picha zake zote zenye vioo ndani ya maboksi yenye nyasi, na ile moja akaibeba mwenyewe, ndani ya kitenge, kifuani, mpaka Koboko, na kutoka Koboko kwa boda mpaka Dranya.

Kigango kilijaa. Watu walikuwa wametoka hata ng'ambo ya mto. Zile zenye vioo zilitundikwa kwenye misumari. Picha ya Night Rosa aliibana kwenye kamba, katikati, kwa vibanio viwili vya nguo, kama kadi zake za zamani. Alipoifungua bibi aliletwa mbele, akakalishwa, akainua uso. Alitazama muda mrefu huku midomo ikicheza, kama anayeendeleza ubishi wa zamani. Rosa alisimama nyuma yake, mikono juu ya mabega ya mama yake, na moyo wake ulitulia kwa mara ya kwanza tangu lile kaburi.

Sasa, huku kwetu kitu kipya hakitumiwi kabla hakijabarikiwa. Pikipiki hubarikiwa, godoro hubarikiwa, mbegu hubarikiwa kabla ya kupandwa. Fabiano alikuwa ameomba maji ya baraka kwa padri alipopita, ndoo nzima, na amechuma kitawi kizuri cha majani mapana. Kila mtu alijua mkono wake. Padri hunyunyiza, Fabiano hulowesha. Yeye mwenyewe alikuwa akitania kwamba hataki mtu wa nyuma arudi nyumbani mkavu akasema Mungu hakufika kwake.

Alianza sala. Aliomba kwa ajili ya marehemu Night, kwa ajili ya wazazi, kwa ajili ya mikono ya dada yake, na watu wote wakiwa wameinamisha vichwa alichovya kitawi.

Rosa aliona. Muda wa kusema ulikuwepo. Angeweza kusema, "Kaka, ngoja," na Fabiano angengoja. Lakini hakuna anayekatiza baraka. Alikuwa na mikono imekunjwa, watu wamefumba macho, jina la Baba lilikuwa limekwisha kutajwa, na ndani yake kulikuwa na sauti ya utotoni iliyomwambia kwamba maji haya si maji tu. Alinyamaza.

Maji yalipiga kushoto, kulia, katikati. Kwenye vioo yaliteremka bila kudhuru. Kwenye uso wa Night yalikaa kama matone juu ya jani, shavuni, juu ya jicho, kwenye nywele. Rosa alijua bado kuna namna. Angeyaacha yanywewe na karatasi taratibu, bila mkono wa mtu kugusa, yangeacha madoa kama ya ndui, na mtoto angebaki. Alianza kuvuta hatua huku watu wakiitikia, "Amina."

Bibi alifika kabla yake. Aliinuka kwenye kiti, akashika ncha ya kitenge chake, na kwa upendo wote alionao mtu alimfuta mjukuu wake uso, jinsi anavyofutwa mtoto aliyemwagiwa maji ya ubatizo: paji, macho, pua, kidevu.

Alipoondoa mkono kulikuwa na wingu la rangi ya udongo, na masikio mawili pembeni.

"Imekuwaje?" bibi aliuliza. Alikiangalia kitenge chake, akaiangalia picha. "Kiden. Imekuwaje?"

"Hamna kitu, Mama," Rosa alisema. "Kaa." Akambania mama yake kitambaa kichwani, kilikuwa kimelegea.

Siku ile aliuza kila kitu. Watu wa Dranya, ambao alisema hawatanunua, walichanga ukoo kwa ukoo ili kila upande ubaki na picha moja, na mwalimu mkuu akachukua ya milima kwa ajili ya ofisi. Ukimuuliza mtu yeyote wa pale atakuambia Rosa Kiden alikuwa mchangamfu, alicheka, aliwapa mkono wote. Ilikuwa siku yake kubwa kuliko zote za kazi yake. Katika safari ya kurudi alikaa na maboksi matupu, na karatasi ile ikiwa ndani ya kitenge kama ilivyokuja.

Alipofika Awindiri alijaribu kumchora tena. Alifumba macho, na aliyekuja alikuwa ile picha. Siyo mtoto: picha. Miaka yote hiyo alikuwa akifungua sanduku badala ya kukumbuka, na kumbukumbu ilihamia kwenye karatasi pole pole bila yeye kujua. Sasa alipoitafuta ndani yake alikuta masikio mawili na wingu.

Akaanza kuuliza watu. Alimpigia mama yake simu kupitia kwa Fabiano. Bibi alisema alikuwa na paji la kwao, lile la Fabiano. Rosa alichora, akatoka Fabiano mdogo. Medina alisema alikuwa na mwanya mbele na mashavu ya kufinya. Rosa alichora, akatoka mmoja wa wajukuu wa Medina. Mwishowe alimuuliza Candia, ambaye hakuwahi kuulizwa. Candia aliweka kikombe chini.

"Alikuwa na sura yake," alisema. Akakiinua tena kikombe.

Fabiano alikuja. Hakuleta karanga. Alisimama mlangoni kofia mkononi mpaka Rosa alipomwambia aingie.

"Mimi ndiye niliyeleta maji," alisema.

"Ulileta baraka, Kaka."

"Kiden, usinifanyie hivyo. Nitukane."

"Nikikutukana wewe itabidi nimtukane na Mama. Naye hajui mpaka leo kwamba ni mkono wake. Ukimwambia sitakusamehe."

Fabiano aliangalia sakafu. "Ninasali kila siku. Namwambia Mungu, sura ile wewe ndiwe uliyeiumba, unayo. Haikupotea."

"Najua Mungu anayo," Rosa alisema. "Mimi ndio sina."

Walikaa mpaka chai ikapoa. Katekista aliyezoea kusali kwa kila mtu siku hiyo aliondoka kwa kumshika dada yake kichwani tu, kama walipokuwa wadogo.

Rosa aliacha kuchora. Uzi wa kadi haukuonekana tena Ediofe, na wauza rozari wakajipanua mpaka mahali pake. Kisanduku cha bati kilikaa juu ya kabati. Alilima mchicha, akauza mchicha, akaenda misa na kurudi.

Ilikuwa ni njiani akirudi kutoka misa, mvua za kwanza zikiwa zimeshaanza. Mbele yake alikuwa jirani yake na mtoto wa miaka mitatu au minne aliyekataa kushikwa mkono. Mtoto alikimbia kidogo, akasimama. Akageuka kumtafuta mama yake. Akakimbia tena, akageuka.

Night hakuwa anageuka.

Lilimjia hivyo, ghafla, katikati ya barabara. Night alikuwa akienda mbele, daima mbele, na akiona amekwenda mbali anasimama bila kugeuka, kichwa kimelala upande, anasikiliza kama ndala za mama zinakuja. Akizisikia anaendelea. Kisigino chake cha kushoto kilitupwa nje kidogo. Kifungo cha juu cha gauni hakikufungika, na hapo palionekana kipande cha mgongo chenye vipele vya joto. Rosa alikuwa amemwona mtoto wake kwa nyuma zaidi ya alivyomwona kwa namna nyingine yoyote, na hapo hakuna aliyewahi kupafuta, kwa kuwa hakuwahi kupaweka kwenye karatasi.

Alfajiri iliyofuata alishusha kisanduku. Alimchora Night amesimama kwenye njia nyekundu, mgongo umetuelekea, kichwa kimelala upande. Ilipokauka hakumwita Candia. Candia alikuja mwenyewe, akasimama nyuma ya kiti, na baada ya muda akasema, "Ana vipele." Kisha akalia kwa sauti, mwanaume mzima, jambo ambalo hakulifanya hata kaburini.

Hii aliipeleka kwa Asuman, ikatiwa kioo siku ileile.

Ikiwa bado kibandani, imeegemezwa ukutani ikingoja gundi ikauke, akaja mwanamke kutoka Koboko kuchukua fremu ya aya ya Kurani aliyoagiza. Jina lake Hawah, naye ni Mnubi kama akina Asuman. Aliiona picha akaacha kuhesabu chenji yake.

"Hii nani anauza?"

"Hiyo si ya kuuza," Asuman alisema. "Mwenyewe ndiye huyo anaingia."

Rosa alikuwa amekuja kuchukua picha yake. Hawah alimshika mkono kabla ya salamu kwisha.

"Dada, mimi nyumbani kwangu siweki sura ya mtu. Mzee wangu hataki, dini hairuhusu, na mimi nakubali. Lakini hii haina sura. Hii naweza kuweka. Niuzie."

"Huyu ni wangu," Rosa alisema taratibu. "Nilimzika. Siwezi."

Hawah aliuachia mkono. "Na mimi nilizika. Kijana wangu, Hakimu. Sina kitu chake hata kimoja, tulikuwa tunakimbia vita."

Kibanda kilikuwa kidogo. Asuman alijifanya anatafuta misumari chini ya meza.

"Alitembeaje?" Rosa aliuliza.

"Nini?"

"Hakimu wako. Alikuwa akitembeaje?"

Hawah alifikiri, na uso wake ukabadilika. "Kama mzee. Mikono nyuma hivi, mtoto wa miaka sita, kama anakagua shamba la tumbaku. Baba yake alikuwa anamwita Bwana Shamba." Alicheka huku machozi yakishuka, akaonyesha, akatembea kibandani mikono nyuma, hatua tatu kwenda na tatu kurudi, kwa kuwa nafasi haikutosha.

Rosa alimchora Hakimu. Hawah aliiona akakaa chini. Basi habari zikaenda zenyewe, kwa mdomo, kutoka kwa mama mmoja kwenda kwa mwingine: Koboko, Dranya, Awindiri, mpaka kambini kwa wakimbizi. Walikuja Wakristo na Waislamu. Hawakuleta picha, kwa kuwa waliokuwa na picha hawakumhitaji. Rosa aliwakalisha, akawapa maji ya kunywa, akauliza swali lake lile moja. Wengine walianza kwa kusema hawakumbuki. Yeye aliwaomba wainuke watembee alivyotembea mtoto, nao miguu yao ilikumbuka. Baba mmoja, mwanajeshi mstaafu mwenye tumbo, aliruka kwa mguu mmoja kutoka mlangoni hadi kwenye pipa la maji, na hakuna aliyecheka.

Maonyesho yake ya mwisho yalikuwa Koboko, kwenye baraza ya nyumba ya Hawah. Hakuna kilichouzwa siku ile, kwa kuwa kila picha ilikuwa na mwenyewe. Wenyewe walizileta wakazitundika, na kila mmoja akasimama kando ya wake. Ukipita barazani uliona watoto wamekupa migongo, wanakwenda. Mmoja amebeba jerikani kichwani, mwingine anaburuta fimbo, mwingine ameshikilia kaptura isidondoke. Wafanyabiashara wa mpakani walisimama na mizigo yao, wakauliza hii ni nini, na wakaambiwa jina moja moja. Rosa alikaa mwisho wa baraza kwenye mkeka, amechoka, miguu imevimba. Wakati huo tulidhani ni safari tu.

Yalikuwa mafigo. Mwaka jana, wiki ya kwanza ya Majilio, Mungu alimchukua. Alizikwa Awindiri, ubavuni mwa binti yake, na akina mama wale walijaza uwanja mpaka barabarani.

Siku chache kabla hajafa, Fabiano alikuwa amekaa naye, mchana, akimnywesha uji kwa kijiko. Kwa miaka mingi hawakuwahi kulizungumza jambo lile. Ni Rosa aliyelianza.

"Kaka, bado unasali ile sala? Ya sura?"

Fabiano aliinamisha kichwa. "Kila siku."

"Acha sasa. Mimi nimechora mgongo wake miaka yote hii, na wewe unajua hakuna siku sura ilirudi. Hata mara moja. Nimechora wa kila mtu." Alipumzika, pumzi ilikuwa fupi. "Nakwenda kumwona kwa mbele."

Fabiano aliukoroga uji. Alichota kijiko kingine. Rosa alimeza, akakunja uso.

"Uji hauna sukari," alisema.

Fabiano aliinuka akaenda jikoni kutafuta.